Mzee wa Kamba na Mgongo Wangu

Akitaka ukae, hakuambii ukae. Anakuja taratibu kutoka upande wa goli, anapita mbele yako, anakugeuzia mgongo, anasimama. Kimya. Anaangalia mpira kama mtu asiye na habari na wewe. Ukisogeza kichwa kushoto, naye anasogea kushoto. Ukienda kulia, yuko kulia. Mwisho unashindwa, unasema, "Mzee, unaniziba."

"Naam. Pole sana," anajibu bila kugeuka. "Na aliye nyuma yako?"

Hapo unageuka, na nyuma yako kuna mama amempakata mtoto, au mtu mfupi kama mimi, amekaa anaangalia mfuko wa nyuma wa suruali yako. Unakaa. Sijawahi kuona mtu akibaki amesimama baada ya hapo, ila mmoja, na huyo nitamwandika kwa haki yake.

Ndiye Mzee wa Kamba. Jina lake nalijua, ila sitaliandika, kwa sababu sikumwomba ruhusa, na pia uwanjani kwetu Nyasura, hapa Bunda, hakuna aliyemwita kwa jina. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi. Mimi niliishia darasa la saba, nina mashine ya kusaga karibu na uwanja, na jioni huandika mambo ya siku kwenye daftari ili nisije nikayapotosha baadaye. Habari zake nimejaribu kuziandika mara tatu nikachana. Ya kwanza ilimfanya malaika. Ya pili ilimfanya mkorofi. Ya tatu ilikuwa inanisifu mimi zaidi yake. Hakuwa malaika, na ukorofi wake ulikuwa wa saa za mpira tu. Safari hii nitajitahidi kuwa mkweli, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Nianze na kamba. Ilikuwa kamba ya buluu, nene kama mkono wa mtoto, ya kufungia kivuko. Mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe. Kazi yake ilikuwa kurusha kamba, kuifunga, na kuwapanga abiria. Wengine wanasema kamba aliiomba alipoacha kazi, wengine wanasema ilikuwa imechakaa ikatupwa naye akaiokota. Nilimuuliza mwenyewe. Akasema, "Mimi na hii kamba tulistaafu siku moja."

Kila Jumamosi alikuja nayo imezungushwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Anapigilia vijiti, anaivuta pembeni mwa uwanja, hatua mbili kutoka kwenye mstari. Kabla yake hatukuwa na utaratibu. Watazamaji walikuwa wanaingia ndani kidogo kidogo mpaka winga anapiga chenga mabeki wawili na watazamaji watatu. Nakumbuka siku moja kona ilipigwa na mchezaji huku amekanyaga kanga ya mtu.

Mzee akatupanga kama alivyokuwa anapanga abiria. Watoto kwenye kamba, magoti yasipite. Nyuma yao akina mama na wote wanaokaa kwenye majani. Nyuma yao wenye mabenchi na ndoo. Kisha wanaosimama. Mwisho kabisa baiskeli na pikipiki, na hao waliruhusiwa kukaa juu ya vyombo vyao maana nyuma yao kulikuwa na ukuta wa mashine yangu tu.

"Kwenye maji mmoja akisimama vibaya mnayumba wote," alikuwa anasema. "Hapa hamyumbi. Lakini kuna mtu hajaona, na yeye ametembea kuja huku kama wewe."

Kwa waliokaa, ruhusa ya kusimama ilikuwa moja tu: goli. Likiingia, simama, piga kelele, kumbatia unayemtaka, ruka hata ukivua viatu. Lakini mpira ukishawekwa katikati, akukute chini. Penalti, hapana. Kona, hapana. Ugomvi wa wachezaji, hapana kabisa, kwa sababu ugomvi ndio kila mtu anataka kuuona.

Watu walimjaribu. Jamaa mmoja alikuja na kile kiti kirefu cha kaunta cha baa, akakiweka mstari wa pili, akapanda. Mzee alipofika jamaa akamwahi: "Mzee wangu, mimi nimekaa."

Mzee akaweka kiganja juu ya kichwa cha yule jamaa, akakipeleka kiganja hivyo hivyo kilivyo, bila kukishusha, mpaka kwa kijana aliyekuwa amesimama kule nyuma. Kiganja kikamgonga kijana kwenye paji la uso.

"Kukaa ni kichwa, siyo makalio," akasema. Jamaa akashuka. Maneno hayo yalibaki Nyasura. Mpaka leo mke wangu akiniona nimejilaza kwenye kochi huku naongea kwa sauti ya juu, ananiambia, bwana wewe, kukaa ni kichwa.

Mwavuli nao aliuhesabu kuwa umesimama. Kofia pana za majani alizitazama kwa muda kisha akaziachia. Nadhani hapo alilegea kwa sababu na yeye alikuwa anaivaa.

Aliyemsumbua kuliko wote ni mama wa karanga. Huyu alipita mbele ya kamba na beseni kichwani, kuanzia goli la huku mpaka goli la kule, mara kumi kwa kipindi kimoja.

"Mama, pita nyuma."

"Nyuma wamesimama, mikono mfukoni. Anayekulaga karanga ni aliyekaa. Si wewe ndiye umewakalisha?"

Mzee akafikiri. "Basi pita umeinama."

"Niiname na beseni kichwani? Unataka karanga ziingie golini?"

Watu wakacheka, na mzee pia alicheka, kwa sababu kwa kweli hoja ilikuwa nzuri. Wakakubaliana apite mpira ukiwa umetoka tu. Matokeo yake yule mama akawa anaufuata mpira kuliko mtu yeyote, maana riziki yake ilingoja filimbi. Leo ukitaka kujua mpira wa kurusha ulikuwa wa nani, usimuulize mshika kibendera. Muulize yeye.

Na yule aliyebaki amesimama. Ni dereva wa bodaboda, kijana mrefu sana. Mzee alimsimamia mbele na haikusaidia kitu, kwa sababu kijana alikuwa anaona vizuri juu ya kofia ya mzee.

"Mzee, mimi Mungu kanirefusha," akasema kwa upole. "Nikikaa bado naziba. Ngoja nikae uone."

Akakaa. Kweli, alikuwa sawa na mimi nikisimama. Mzee akapima kwa kiganja, akapima tena, akasema mbele ya watu wote, "Huyu ana haki." Akamwondoa pale akampeleka nyuma ya goli, asimame atakavyo, awe anaokota mipira. Kijana akakipenda cheo kile mpaka akawa anakuja na jezi.

Sasa mabaya yake, maana nimeahidi. Siku moja alimsimamia mbele mtu mmoja mgeni mpaka yule mtu akaondoka uwanjani bila kusema neno. Baadaye tukaambiwa yule bwana ana goti bovu, akikaa chini hawezi kuinuka. Mzee hakulala na jambo hilo. Asubuhi yake alifunga benchi kwenye baiskeli akaenda kwa yule bwana kuomba radhi. Yule bwana mwenyewe alinisimulia, huku anacheka: "Benchi lenyewe lilikuwa bovu mguu mmoja. Nikamwambia mzee, acha hapa hapa, tutaelewana."

Jambo lingine ni kwamba huyu mtu wa kukalisha watu, yeye mwenyewe hakai. Nyumbani alikula amesimama, sahani mkononi, anaangalia barabarani kama vile kivuko kinakuja. Mke wake, wakati huo yuko hai, alikuwa anasema, "Nyumba hii ina viti sita na mume mmoja, na hakuna kinachokaliwa." Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango. Uwanjani alitembea kamba yake mwanzo mpaka mwisho. Na alisema hana timu, ila timu yetu ikifika langoni mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga majani.

Wakati mmoja tulikwenda Butiama na fuso, timu na washabiki. Uwanja ulikuwa pembeni ya njia iendayo Mwitongo. Wenyeji walikuwa wametuandalia viti, vya mbao vya kutoka majumbani mwao, vimepangwa mstari wa mbele kabisa. Ndiyo heshima ya kwao: mgeni mbele, mgeni kitini, mwenyeji amesimama nyuma. Watoto wao walikuwa nyuma ya viti hivyo wanachungulia kati ya miguu.

Mzee wa Kamba alisimama mbele ya kiti chake, hakai. Mzee mmoja mwenyeji akamfuata.

"Kaa, mgeni wetu. Mbona unasimama kama mdai?"

"Asante, baba. Watoto hawaoni."

"Watoto watauona mpira siku nyingine. Nyinyi mmekuja leo."

"Basi tuweke viti nyuma ya watoto."

"Wageni nyuma?" Yule mzee akawageukia wenzake. "Mmesikia? Kesho waende Bunda waseme Butiama tuliwaweka nyuma."

Pakawa pabaya kidogo. Mimi nilikuwa nimeshakaa, nikainuka nusu, nikakaa, nikainuka tena. Ukikataa kiti umemtukana mwenyeji. Ukikikubali umeziba watoto. Mzee wa Kamba alishika mgongo wa kiti chake muda mrefu, anaangalia huku na huku, halafu akaangalia fuso letu.

Dakika chache baadaye lori lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka nyuma ya watu wote, na viti vyote vikapandishwa juu ya bodi. Wageni tukakaa kule juu kama maharusi, wenyeji wamesimama chini yetu, watoto mbele kabisa kwenye majani. Kila mtu anaona. Yule mzee mwenyeji aliridhika kwa dakika kama kumi. Kisha akaanza kuangalia juu.

"Huko juu," akasema, "kuna nafasi ya mwenyeji?"

Kipindi cha pili nusu ya Butiama ilikuwa kwenye fuso, na dereva alikuwa anaomba kwa sauti kwamba goli lisiingie, springi zisije zikalala. Tulitoka suluhu. Sijui kama maombi yale yalisaidia.

Katika miaka yake ya mwisho pale Nyasura mzee alibadilika kidogo. Alianza kukaa. Aligeuza ndoo yake juu chini mstari wa tatu, penye mabenchi na ndoo, nyuma yangu hasa, na akawa anatoka pale mara chache tu kwenda kumsimamia mtu. Alikuwa mkali zaidi kuliko zamani. Zamani ukiinuka kujinyoosha alikuachia, sasa alisema papo hapo, "Aliyeinuka ni nani? Kuna nini?" Na alipenda kuuliza watu maswali kama mwalimu anayepima darasa: "Haya niambie, mpira uko wapi?" Mimi nilijibu haraka, nikiona ni heshima kuulizwa. Kukaa mbele yake pia niliona ni heshima. Kila Jumamosi nilikaa pale pale, hata nikichelewa watu waliniachia.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa fainali ya kombe la mbuzi, sisi na vijana wa Kisorya. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi la waamuzi. Sifuri kwa sifuri, zimebaki dakika chache. Kipa wetu ameudaka mpira, ameushika mikononi, hakuna jambo lolote linaloendelea.

Siafu akanipanda ndani ya suruali, akauma mahali ambapo sitaandika.

Niliruka. Niliruka kwa nguvu, mikono juu, na nadhani nilitoa sauti. Na papo hapo nyuma yangu nikamsikia Mzee wa Kamba anainuka na ndoo inabiringika: "Imeingia! Imeingia!" Akamshika mkono mtu wa kulia kwake, akamtikisa. Akamgeukia wa kushoto. Kofia ikaanguka.

Kipa alikuwa bado ameshika mpira, anatuangalia.

Halafu kicheko kikaanza kule kwenye pikipiki, kikashuka mstari kwa mstari. Dereva wa bodaboda alipaza sauti kutoka nyuma ya goli, "Mzee, goli la nani?" Hakuwa na ubaya, yeye hutania watu wote. Mzee alibaki amesimama katikati ya watu waliokaa, mtu pekee aliyesimama kwenye mistari ya kukaa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshakaa.

Na nilicheka. Hili ndilo nililokuwa nachania karatasi zile. Nilikaa upesi, nikageuka nyuma, nikacheka na wenzangu, kana kwamba mzee alikuwa ameota peke yake. Ningesema, "Ni mimi, ameniuma siafu," kicheko kingehamia kwangu na kingeisha. Sikusema.

Mechi ikaisha kwa penalti, mbuzi akaenda Kisorya. Mzee aling'oa vijiti, akazungusha kamba, akaniletea mashineni.

"Wa Mashine," aliniitaga hivyo, "kaa nayo kidogo. Nina safari."

Hakurudi. Jumamosi ya kwanza tulisema anaumwa. Ya pili, kasusa. Mama wa karanga alisema uzee umemfika kichwani na tumwache apumzike. Wengine walisema alichoshwa na watu wasiosikia. Tukasikia amehamia Musoma kwa binti yake anayeshona nguo. Mimi nilijua zaidi yao, au nilidhani najua: nilimvunjia heshima mtu aliyewaheshimu walio nyuma maisha yake yote, na sikuwa na ujasiri wa kulibeba jambo la siafu mmoja.

Kamba niliivuta mimi. Niseme ukweli, sikuiweza. Nilijaribu kuwasimamia watu mbele kama yeye, lakini mimi ni mfupi, wakawa wananiangalia kwa juu na kuendelea. Msimu haukuisha watu walikuwa wamesimama wote, watoto wakarudi kuchungulia kati ya miguu, na yule bwana wa goti bovu akaacha kuja. Kamba ipo ndani kwangu, nyuma ya magunia.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwezi uliopita nilikwenda Musoma kutafuta mkanda wa mashine. Nikaupata mapema, nikawa nashuka kuelekea ziwani kula sato kabla ya kupanda gari. Njiani kuna uwanja wa udongo, vijana wanacheza, watu wamejaa pembeni, wengine wamechuchumaa, wengine wamesimama hovyo. Nyuma yao wote, juu ya ndoo, nikaiona ile kofia ya majani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aligeuza sikio kabla ya uso. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Wa Mashine! Kaa chini, unawaziba watu."

Nyuma yetu hapakuwa na mtu. Nilikaa. Tukaulizana habari za Nyasura, za mama wa karanga, za dereva wa bodaboda ambaye sasa ameoa mke mfupi. Alicheka sana kuhusu huyo mke. Nikaona nikisubiri zaidi nitapanda gari bila kusema, kama nilivyojizoesha.

"Mzee, siku ile ya kombe la mbuzi. Aliyeinuka nilikuwa mimi. Ni siafu. Halafu nilikaa nikacheka."

"Najua ulikuwa wewe. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Mimi?"

"Mpira nilikuwa siuoni, mwanangu. Ulianza kuwa mdogo, ukawa kama nzi, halafu ukaisha. Watu nawaonaga, kama magunia hivi. Wakikaa, wamekaa. Wakiinuka, najua limeingia. Sasa wengine wanainuka hovyo, kona wanainuka, ugomvi wanainuka. Nikatafuta mtu mmoja asiyeinuka hovyo." Akanigusa mgongoni kwa kidole. "Wewe unaogopa kukosea kuliko mtu yeyote Bunda nzima. Nikasema, huyu akiinuka, limeingia kweli. Misimu miwili nimeangalia mpira kwenye mgongo huu."

Nilifikiri juu ya mashati niliyokuwa navaa.

"Kwa hiyo ulikasirika," nikasema.

"Na siafu? Hapana. Nilijikasirikia. Nawaambia watu wakae kwa ajili ya aliye nyuma, kumbe aliye nyuma ni mimi. Siku ile waliponicheka nikajiona tapeli. Mtu anakalisha mji mzima ili apate kuona yeye."

Nilitaka kumjibu vizuri, ila mimi siyo mtu wa maneno. Nikamwambia yaliyotokea tu: kwamba tangu aondoke watoto hawaoni, bwana wa goti haji, na kamba iko nyuma ya magunia. Nikamwambia alitupanga miaka mingi wakati macho yake ni mazima, na sheria ilikuwa ile ile. Alisikiliza. Akauliza kama kamba inakaa mahali pakavu.

Niliuliza habari za macho. Akasema binti yake ameshampeleka kwa daktari, jicho moja linaweza kusafishwa, na yeye ameahidi kwenda mara tu ligi ya vijana ikiisha. "Siwezi kuondoka katikati," akasema.

Kisha akakamata pindo la shati langu, akalizungusha kwenye kidole chake mara moja, kama mtu anayefunga kamba. "Likiingia, inuka. Nitajua."

Mara filimbi ikalia, watu wakapiga kelele kwamba ni penalti. Wote waliokuwa wamechuchumaa mbele yetu wakasimama. Mbele yangu ukuta wa migongo. Nikasikia kishindo cha mguu, kelele kubwa, mikono hewani. Mimi nilibaki chini. Shati lilikuwa limevutwa, nami niliogopa hata kupumua.

"Halijaingia," mzee akasema.

Kelele zikageuka kuwa masikitiko. Mtu mbele yetu akashika kichwa, akamwambia mwenzake kwamba mwamba umewanyima.

"Unaona?" Mzee alifurahi sana, akanipiga begani. "Wameinuka wote, wewe umekaa. Sijakosea kukuchagua."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa na furaha, na jibu lilikuwa limetoka sahihi. Lakini mara ya mwisho niliyonyamaza ilinigharimu miaka mitatu.

"Mzee, sikuona kitu. Wametusimamia mbele. Nilikaa kwa sababu ulinishika shati."

Tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka ndoo ikalia. Alipomaliza aliliachia shati langu, akaweka mkono begani kwangu, akainuka.

"Wako wapi?"

"Hatua nne mbele. Wa katikati ana fulana nyekundu."

Akaenda taratibu, mkono mmoja mbele kidogo, akazunguka mwisho wa ule mstari. Akafika mbele ya fulana nyekundu, akamgeuzia mgongo, akasimama. Kimya. Yule kijana akasogea kushoto. Mzee akasogea kushoto. Akasogea kulia.

"Babu, unaniziba."

"Naam. Pole sana," nikasikia. "Na aliye nyuma yako?"

Kijana akageuka. Aliniona mimi, peke yangu, mtu mzima mfupi niliyekaa kwenye vumbi na mkanda wa mashine mapajani. Nilitamani kumwambia haidhuru. Akakaa. Mwenzake akakaa. Mstari wote ukashuka mmoja mmoja, na uwanja ukatokea: goli, kipa, na nyuma yao ziwa.

Mzee alirudi akikokota miguu, akatafuta ndoo kwa kiganja, akaketi. Akalikamata tena lile pindo la shati.

"Haya," akasema. "Sasa angalia vizuri."